Hema la Mama Mkwe

Fundi wa meno ya bandia alikuwa na ugonjwa wa kupima vitu. Kazini alitumia mzani mdogo wa kupimia unga wa kutengenezea fizi, na mzani ule ulikuwa umemharibu akili. Alijua uzito wa soksi zake. Alijua na uzito wa mkewe, akautaja mbele za watu, akalala sebuleni siku mbili. Mkewe ndiye aliyembatiza jina la Gramu, nalo likamganda mpaka wagonjwa wasio na meno wakawa wanafika dirishani kuulizia, "Gwamu yupo?"

Kwa hiyo mama mkwe wake alipomwomba wafuatane kuwinda, Gramu hakuwaza bunduki wala wanyama. Aliwaza hema.

Mama mkwe huyu alikuwa mpima ardhi mstaafu. Alilala maporini miaka thelathini, na alipostaafu akachukua kibali cha kuwinda kanga, wale wenye mabawa, si wale wa kuvaa. Alisema kukaa kibarazani kusubiri wajukuu ni kazi ya watu wasio na bunduki. Mwenzake wa kuwinda, mpishi wa kambi yao ya zamani, alikuwa amehamia mbali kwa binti yake. Mama akabaki na bunduki ya marisau, zile risasi ndogondogo za kuwindia ndege, na hema la turubai la kilo kumi na moja, linalonuka mafuta ya taa na panya.

"Mkwe, wewe una mgongo, mimi nina shabaha," alimwambia. "Tutaelewana."

"Mama, kwa heshima zote, hilo hema silibebi."

"Basi tafuta lako."

Mkewe alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta. "Utalala hema moja na mama yangu? Siku tatu? Mtu na mkwewe?"

"Nitatundika pazia katikati."

"Pazia lina gramu ngapi?"

Hilo Gramu alikuwa hajalipima bado.

Muuza mahema alikuwa mwanamke mnene, mpole, ambaye hakuficha kwamba hajawahi kulala porini. "Mimi nauza tu, kaka. Nje nalala nikigombana na mume wangu." Gramu akatoa mzani wa kuning'iniza mizigo akaanza kazi. Hema la milango miwili likasoma kilo tatu, akalitazama kama limemtukana. La duara likasoma kilo mbili, akaguna. Mwishowe likaletwa moja la kijani, jembamba, limekunjwa likatosha kiganjani. Gramu mia tisa! Moyo ukamruka.

"La watu wangapi?"

"Limeandikwa wawili."

"Wawili wa saizi gani?"

Muuza mahema akalipima kwa macho. "Wanaopendana."

Gramu hakusikia onyo. Alilichukua.

Jumapili mchana akalisimamisha uani kwa majaribio. Mkewe alikuwa ndani akipiga pasi. Mama mkwe akalizunguka hema mara mbili, mikono kiunoni.

"Hii nini, soksi?"

"Jaribu kwanza, mama."

Mama akashuka chini taratibu, akatambaa akaingia, akafunga zipu. Gramu akasubiri kusifiwa.

"Unaonaje, mama?"

"Vizuri."

Gramu akahesabu vigingi, akavihesabu tena.

"Mbona hutoki?"

"Nafikiri."

Kwa hayo mawazo yake, hema lilianza kufura upande mmoja. Likatokea goti, kisha kiwiko, kisha kitu kikubwa cha mviringo ambacho mkwe mwenye adabu hapaswi kukitambua. Gramu akageukia ukuta.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Magoti yamegoma."

"Nimwite binti yako?"

"Mwite uone kama sitakupiga risasi."

Gramu akavuta zipu. Zipu ikauma kitambaa, ikakataa kwenda mbele na kurudi nyuma. Mama, ambaye maishani mwake hakuwahi kuomba msamaha kwa kichaka, akachoka kusubiri. Akashika mti wa hema kwa mikono miwili, akajivuta juu kwa nguvu zake zote. Vigingi vikang'oka vyote kwa pamoja. Akasimama na hema zima mwilini, kamba zikimburuza nyuma, akaanza kutembea asikojua.

Jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Aliona lile jambo likimjia, na adabu ikashinda woga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," hema likajibu. "Hamjambo huko?"

Gramu alilikata hema kwa mkasi, akamtoa. Wakakaa kwenye ngazi ya jikoni, mama akihema, majani yamemjaa nyweleni. Hakucheka. Hapo ndipo Gramu alipoogopa.

"Unadhani nalipenda lile turubai bovu?" mama alisema polepole. "Ndani yake nasimama wima. Naingia na kutoka kama binadamu. Nikipiga magoti, siku hizi, kuinuka ni mradi wa serikali."

"Daktari anasemaje?"

"Alisema niache pori. Nikamwacha yeye." Akatazama dirisha la jikoni. "Binti yangu, ingawa sasa ni wako, akijua hili atanifungia ndani na kunifumia soksi. Usimwambie."

"Simwambii."

Gramu alijisikia mdogo kuliko vigingi vyake. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa mtu atakayelala humo.

Kesho yake alirudi dukani na futi ya fundi na kiti cha jikoni. Muuza mahema alishangaa. "Leo mzani uko wapi?" Gramu akakaa kitini ndani ya kila hema, akainuka, akapima kutoka utosini hadi kitambaani, watu wakimchungulia kutoka barabarani. Mwishowe akapata moja refu lililochongoka kama kofia ya mchawi, nguzo moja katikati, mlango wa kupita mtu bila kuinama sana. Kilo mbili na nusu. Akafumba macho akaomba bei.

"Ila hili halina sakafu," muuza mahema akamwonya.

"Sakafu ni ardhi. Mama mkwe wangu ameipima yote."

Pazia likawa nusu ya shuka kuukuu. Akaongeza na viti viwili vya kukunja, na ili kufidia uzito wa viti hivyo akapunguza chupi zake kutoka tatu hadi moja. Mkewe aliponyanyua begi akauliza mbona zito, Gramu akasingizia kwamba upepo wa huko unataka hema zito.

Siku ya kwanza porini hawakuona hata unyoya. Siku ya pili, saa tisa alasiri, mvua ikawakimbiza hemani. Wakakaa vitini, kila mtu upande wake wa pazia, kama wanaosubiri kuitwa na karani. Mvua ikapungua ghafla, pakawa kimya, na katika kimya kile mama mkwe akajamba. Si kidogo.

"Umesikia, mkwe?"

"Sijasikia kitu, mama."

"Muongo mkubwa wewe. Ndiyo maana nilikupa binti."

Gramu akajaribu kuzuia kicheko, kikamtokea puani. Mama akaanza upande wake. Walicheka mpaka pazia likaanguka, wala hakuna aliyehangaika kulirudisha.

Alfajiri Gramu alizinduliwa na kidole ubavuni. Mama alikuwa kitini mlangoni, mgongo wima, bunduki begani, anachungulia kwenye upenyo wa mlango. Nje, kwenye udongo uliolainika, kanga wanane walikuwa wanadonoa wadudu, hawana habari. Hakuhitaji kupiga goti wala kunyata. Alipiga mara mbili. Kanga wawili walilala. Nusu ya marisau ya mlio wa pili ilipita ukingoni mwa mlango, ikaacha kitambaa kama chujio la chai.

"Nimekupunguzia uzito," mama alisema, huku akiinuka bila kushikwa mkono.

Gramu hakumsikia. Milio ile ndani ya hema ilikuwa imemziba masikio; aliyashika kwa viganja akitabasamu kama mjinga, na kwa saa nzima iliyofuata mama alilazimika kumwonyesha kwa ishara jinsi ya kunyonyoa.