Laki Nane za Tovuti

Karakana ya kujalidi vitabu ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya chini, baina ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme. Mlikuwa na meza mbili, shinikizo la chuma la kukandamizia vitabu, lenye usukani mkubwa kama wa lori, mikebe ya gundi, na fundi mmoja ambaye majirani walimwita Uzi: kwanza kwa wembamba wake, pili kwa sababu hakuonekana hata siku moja bila uzi mweupe ukining'inia shingoni. Alikuwa na miaka sitini na minane. Kazi ya mikono ilikuwa yake. Barua, hesabu na maneno ya wateja vilikuwa mikononi mwa mkaza mwanawe, mjane wa mwanawe wa pekee, aliyeingia karakanani alipomaliza eda na tangu hapo, miaka sita, hakutoka.

Tarehe mbili ya mwezi, wakiwa wametoka kusali adhuhuri, mkaza mwana aliweka karatasi mbili mezani. Moja ilitoka kwa mwenye nyumba: mkataba wa pango unakwisha tarehe thelathini, na anayetaka kubaki alipe miezi sita mbele, yaani milioni moja na laki mbili; asiyetaka atoe vyombo vyake. Ya pili ilitoka katika maktaba ya chuo. Walitafuta fundi wa kutengeneza vitabu vikuukuu elfu mbili kwa muda wa miaka mitatu, naye atakayechaguliwa atapewa robo ya malipo kabla ya kazi kuanza. Maombi yafike kabla ya tarehe kumi na nane. Ombi lisilo na anwani ya tovuti, yenye picha za kazi na bei zake, halitasomwa.

"Tukiipata hii tunabaki," alisema mkaza mwana. "Tukiikosa, Baba, shinikizo lako tutaliuza kwa kilo."

"Kwa kilo!" Uzi aliushika usukani kana kwamba shinikizo linataka kukimbia. "Chuma hiki kimenizidi umri."

"Mnunuzi wa vyuma chakavu haulizi umri. Ana mizani."

Akiba yao yote ilikuwa laki nane, haitoshi pango, lakini mkaza mwana aliona inaweza kutosha tovuti. Alikuwa amekwisha kuulizia. Kampuni moja yenye milango ya vioo ilimtajia milioni mbili na kumpa glasi ya maji baridi. Tangazo la kwenye simu liliahidi tovuti kamili kwa elfu sabini, kwa siku moja. Alipopiga ile namba ilipokewa na mtu aliyekuwa akiuza pia viatu. Wa tatu alikuwa mjenzi wa tovuti aliyeitengeneza ya duka la dawa la mtaa wa pili, na watu wa duka walimsifu. Huyo alitaka laki sita. Mkaza mwana alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: ujenzi laki sita, mpiga picha laki moja, jina la tovuti na mahali pa kuihifadhi laki moja. Jumla, laki nane.

"Imekaa kama kofia kichwani," alisema.

Uzi aliisoma mara mbili. "Imekaa sawa mno. Hesabu isiyobakisha hata bei ya sindano inanitia shaka. Mwite huyo mjenzi, aje kesho."

Mjenzi alikuja na kompyuta yake ya mapajani chini ya kwapa, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu na haraka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umetutajia laki sita. Sasa niambie lisilokuwamo ndani yake."

Mjenzi alicheka. "Mzee, wateja huniuliza kilichomo."

"Kilichomo utanisifia mwenyewe, huhitaji kuulizwa. Mimi nimesomeshwa mlango wa biashara katika vitabu vya dini nikiwa mdogo, msikitini, na mwalimu wetu alikuwa na fimbo. Kitu anachokijua muuzaji na asichokijua mnunuzi hakiwi halali kwa kunyamaza. Sema, naye mwanangu huyu ataandika."

Mjenzi alijikuna kisogo, kisha akasema, na kadiri alivyosema kalamu nyekundu ikazidi kwenda mbio. Maneno ya kuwekwa kwenye tovuti hayamo. Akiyaandika yeye ni laki nyingine. Picha hazimo. Marekebisho baada ya miezi mitatu hayamo. Tena ile laki ya jina na hifadhi ni ya mwaka mmoja tu. Mwaka wa pili italipwa tena, na wa tatu, na kuendelea.

"Kumbe ni pango!" alisema mkaza mwana.

"Ni pango, dada. Usipolipa, tovuti inafungwa, na jina lako anaweza kulichukua mwingine."

"Na hili ulingoja tulijue lini?" aliuliza Uzi kwa upole, na upole ule ulimfanya mjenzi aangalie viatu vyake.

"Huwa nawaambia miezi kumi na moja ikishapita."

Basi wakaanza upya. Uzi alikata shauri kwamba laki ya mwaka wa pili itengwe siku hiyo hiyo, katika bahasha yake, kwa kuwa hakuwa tayari kuahidi kwa fedha isiyokuwapo mkononi. Kwa hiyo ujenzi ulikuwa lazima upungue. Mkaza mwana alimkalia mjenzi kooni kitu kimoja kimoja.

"Hizi picha zinazoteleza zenyewe, za nini?"

"Zinapendeza."

"Zitoe. Na hii sehemu ya mteja kulipa humo humo?"

"Hiyo ndiyo iliyo ghali. Siku hizi kila mtu anaitaka."

"Wateja wetu huja na kitabu kwapani, tukakipima ndipo tukataja bei. Watalipia nini kabla hatujakiona? Itoe."

Zikabaki kurasa nne: kazi zao, bei, maswali, na mahali walipo. Mjenzi akapiga hesabu na kusema laki nne na elfu ishirini.

"Kurasa nne!" Uzi alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Mimi nashona kurasa mia tisa kwa elfu kumi na sita."

"Zangu, Mzee, zinasomwa na watu elfu kwa wakati mmoja."

"Wakijaaliwa kuja."

Wote wakacheka, mkataba ukaandikwa, na jina la tovuti likasajiliwa kwa jina la karakana, si la mjenzi. Hilo nalo Uzi alilitaka liandikwe. Mpiga picha laki moja, mwaka wa kwanza laki moja, bahasha ya mwaka wa pili laki moja, ujenzi laki nne na elfu ishirini. Zikabaki elfu themanini. Maneno wangeandika wenyewe.

Kuyaandika kulileta ugomvi mdogo. Uzi alitaka pawe na sentensi isemayo kwamba kurasa zilizoliwa na wadudu hazirudi, na kwamba wino uliokwisha kufifia yeye hauamshi.

"Baba, mtu hajitangazi kwa asichokiweza," alisema mkaza mwana.

"Mnunuzi aijue ila ya kazi kabla hajalipa. Akiijua baadaye, fedha yake inakuwa moto mfukoni mwangu."

"Na wenzetu wanaoomba kazi hii wataandika wanaweza kila kitu."

"Waandike. Mikono ni yao."

Sentensi ikabaki.

Tarehe tano alikuja mpiga picha, mtu mnene mwenye mifuko mingi, akatandaza kitambaa cheupe juu ya meza, akasimamisha taa mbili, akasema: "Haya, Mzee. Leta kazi."

"Kazi gani?"

"Vitabu ulivyovijalidi. Vizuri vizuri, ishirini hivi."

Uzi alitazama rafu, na mkaza mwana akaitazama, nayo ilikuwa tupu. Katika karakana ile kitabu kilichokamilika hakikulala. Gundi ikikauka, mwenyewe alipigiwa simu siku ile ile, na asipokuja Uzi alikipeleka mwenyewe kwa miguu. Kilikuwa amana, na amana haikai ikipambwa kwenye rafu ya mtu mwingine. Kwa miaka arobaini hakuwahi kubaki na kitabu kimoja cha kuonyesha, wala hakuwahi kuona haja. Walikuwa wamehesabu fedha za mpiga picha hadi elfu ya mwisho, na hakuna kati yao aliyehesabu cha kupigwa picha.

Mkaza mwana alikamata simu. Mteja wa kwanza alisema kitabu chake ni cha nasaba ya ukoo wao, hakitoki nyumbani. Wa pili alikuwa amejalidi barua za mama yake, akauliza kwa ukali kama fundi alizisoma. Wa tatu alikuwa safarini. Alipofika wa saba, Uzi alimzuia.

"Acha, mwanangu. Tunawaaibisha watu. Nani atakubali siri zake zitundikwe dirishani?"

Walimpigia mjenzi. Sauti yake ilitoka kwenye simu bila wasiwasi wowote. "Hilo tu? Picha za majalada zimejaa mtandaoni, za ngozi, za dhahabu, bure. Nitaweka kumi. Wote hufanya hivyo."

"Kazi ya mkono wa mwingine niiite yangu?" alisema Uzi. "Huo ni wizi wenye rangi. Usiweke hata moja."

Mpiga picha alianza kuzima taa zake. Tarehe kumi na nne mjenzi angehitaji picha, la sivyo tovuti isingewahi. Mkaza mwana akasema: "Baba, na vyako?"

"Vyangu vipi?"

"Vitabu vyako. Vya nyumbani."

Uzi alijifanya kutafuta kisu. Mkaza mwana, aliyekuwa akivifuta vumbi kila Ijumaa, akamgeukia mpiga picha. "Huyu unayemwona, fundi wa mji mzima, vitabu vyake amevifunga kwa kamba ya gunia. Kamusi yake imegawanyika vipande vitatu. Akitafuta neno, huanza kwa kutafuta kipande."

Mpiga picha aliangua kicheko hadi mifuko yake ikatikisika. Uzi alicheka mwisho, kwa shida.

"Sikupata nafasi," alisema.

"Miaka arobaini!"

Jioni ile, kabla ya magharibi, vitabu vitatu vililetwa kwa mfuko wa sokoni. Msahafu wake Uzi hakuuleta. Hakutaka uonekane mbele za watu ukiwa umechanika. Alileta kamusi, na kitabu cha mashairi alichokinakili baba yake kwa mkono wake. Cha tatu alikitia mkaza mwana mwenyewe mfukoni bila kuuliza: kitabu cha hesabu cha darasa la saba, kisicho na jalada, chenye jina la marehemu mumewe limeandikwa mara nne kwenye ukurasa wa kwanza, kila mara kwa mwandiko tofauti. Uzi alikipokea, akakifungua, akakifunga. "Hiki kitahitaji kitambaa cha buluu," alisema.

Kesho yake vilipigwa picha vikiwa vimechakaa hivyo hivyo, ili vipigwe tena vikisha kujalidiwa. Lakini sasa mpiga picha alitakiwa kurudi mara ya pili, na mara ya pili nayo ilikuwa na bei yake.

"Elfu hamsini, kwa kuwa mmenichekesha," alisema.

Hazikuwapo. Zile elfu themanini zilikuwa zimekwisha kupangiwa: ngozi elfu arobaini na tano, kitambaa elfu ishirini, uzi na karatasi elfu kumi. Uzi alimuuliza kama nyumbani kwao hakuna kitabu kinachougua.

Mpiga picha alifikiri. "Kuna albamu ya harusi ya mama. Ukiifungua, inamwaga wajomba wote sakafuni."

"Ilete. Nitawarudisha wajomba mahali pao, nawe utarudi na taa zako."

Wakapeana mikono, na mkaza mwana akayaandika makubaliano hayo chini ya mengine, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wamezoea wiki ile.

Kwa siku saba Uzi alifungua, akasafisha migongo, akashona, akakandamiza. Alimruhusu mkaza mwana apige kwa simu yake picha za kazi ikiendelea, jambo alilolikataa miaka yote. Tarehe kumi na tatu mpiga picha akarudi. Tarehe kumi na sita tovuti ikafunguka: kitabu kilichochanika upande huu, kile kile kilichoshonwa upande ule, bei yake chini, na ile sentensi ya wadudu na wino. Tarehe kumi na saba ombi likaenda. Akiba iliyosalia ilikuwa elfu tano na bahasha isiyoguswa.

Siku kumi na mbili walingoja. Wateja watatu wapya walikuja wakisema wameona picha. Malipo yao hayakufikia hata robo ya pango. Mwenye nyumba alipita mara mbili na kupima mlango kwa macho, akiwa na mtu wa kuuza simu.

Tarehe ishirini na tisa, baada ya alasiri, aliingia mkutubi wa chuo, mama wa makamo mwenye miwani kwenye kamba. Hakuketi.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba kurasa zilizoliwa huzirudishi?"

"Ni mimi."

"Wenzako wawili wameandika wanazirudisha. Mmoja ana picha ya jalada ambalo mimi nimeliona kwenye tovuti tano za nchi tano."

"Basi huyo ni msafiri," alisema Uzi.

Mkutubi alitaka kutabasamu, akajizuia. "Elfu mbili siwezi kukupa. Uko peke yako, nami nimeona mikono yako kwenye picha. Ni mizuri lakini ni miwili. Nakupa mia tatu kwa mwaka huu. Kamati itatazama tena mwakani."

Mkaza mwana alikuwa amekwisha kuchukua kalamu. Mia tatu kwa elfu kumi na sita ilikuwa milioni nne na laki nane. Robo yake ilikuwa milioni moja na laki mbili. Aliipiga hesabu mara ya pili, kwa vidole, kwa kuwa hakuiamini kalamu.

"Robo hiyo inatoka lini, mama?"

"Mkisaini leo, hundi mnachukua kesho saa nne."

"Alhamdulillahi," alisema Uzi, akafuta mikono yake yenye gundi ili atie sahihi.

Kesho saa sita mwenye nyumba alipata fedha zake na kutoa risiti kwa uso wa mtu aliyekwisha kupanga jambo jingine. Saa nane gari la chuo lilisimama nje, na masanduku sita ya kwanza yakateremshwa mlangoni, ambako hayakupita.

"Meza hii isogezwe," alisema Uzi.

"Isogezwe wapi, Baba? Huko kuna shinikizo."

"Basi hiyo yako."

"Yangu ndiyo yenye hesabu."

Wakashika kila mmoja upande wake, wakaanza kuinua.