Mtihani wa Kitengela, Matokeo ya Bisil

Nimesomea udaktari wa sayansi ya habari na teknolojia katika idara tatu, na mpaka leo hakuna idara inayokubali kuwa mimi ni mtu wake. Watu wa kompyuta wanasema mimi ni wa maktaba. Wa maktaba wananituma kwa mifugo. Wa mifugo wananiuliza kama nimekuja kuchanja ng'ombe. Sasa asubuhi hiyo, katika chuo chetu kidogo hapa Kitengela, ilikuwa nipite mtihani wa mdomo ama jina langu lifutwe kabisa.

Tasnifu yangu ilikuwa na hoja moja tu: habari inayosemwa sokoni Bisil, kule kwa mifugo, ni ya kweli kuliko inayotumwa kwa simu, kwa sababu muuza ng'ombe akidanganya leo, siku ya soko ijayo hakuna atakayemsalimia. Hoja hiyo nimeitafutia ushahidi kwa ramani, kwa programu, na kwa kukanyaga mavi ya mbuzi.

Kabla sijafungua mdomo, mlango ukafunguka. Yarow, mfanyabiashara wa mbuzi aliyenisaidia utafiti, akaingia na uso wa matanga.

"Pole sana, Resian. Bisil yote inajua umeanguka."

"Nimeanguka saa ngapi, na sijaanza?"

"Mimi nimesikia tu. Pole, dada."

Profesa Adero wa maktaba, aliyekuwa mwenyekiti, akavua miwani. "Hii ni data," akasema. Nikajua nimekwisha.

"Tukimwangusha," akasema Daktari Nzomo wa kompyuta, "Bisil watakuwa wamesema kweli. Hoja yake imesimama, lazima apite."

"Akipita," Daktari Nalianya wa mifugo akamkatiza, "Bisil wamedanganya. Hoja imeanguka, na yeye aanguke nayo."

"Basi tumwangushe," akasema Nzomo.

"Ili apite?" akauliza Nalianya.

Wakazunguka hapo mpaka chai ikapoa. Haki, nilikasirika! Nakala zao za tasnifu yangu zilikuwa mezani, na hakuna hata moja iliyokuwa imefunguliwa.

Mwishowe Adero akaamuru chanzo kitafutwe. Yarow akapiga simu Bisil, akaweka sauti juu. Aliyemwambia alikuwa ameambiwa na mwingine, na huyo mwingine akasema subirini, aliyeniambia yuko hapa karibu. Ikaja sauti ninayoijua tangu nibebwe mgongoni.

"Yeyo?" nikaita. "Mama, ni wewe ulisema nimeanguka?"

"Ni mimi," akajibu bila aibu yoyote. "Mtu akipita, watu wanajaa kwake kuomba kazi. Akianguka wanamletea maziwa, na anarudi nyumbani. Miaka yote hii, Resian, unakuja hapa Bisil unauliza kila mtu habari zake, unaandika, unaenda. Zangu hujaniuliza hata siku moja."



"Chanzo kimedanganya," akasema Nalianya. "Ameanguka."

"Kama ameanguka, chanzo hakijadanganya," akasema Nzomo, na wakaanza upya.

Nilichukua simu ya Yarow, nikashusha sauti, nikatoka nje. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

"Yeyo," nikasema, "habari zako?"



"Ni nyingi," akasema.

Nikaketi kwenye ngazi, nikamwambia aanze na ya zamani kabisa.