Hodi kwa Chuma

Nyundo iligonga fuawe mara mbili, taratibu, ndipo ikashuka juu ya mkono wa Chabani. Mlio wa chuma kwa chuma nilikuwa naujua tangu utotoni. Wa chuma kwa mfupa sikuwa naujua, na nilishangaa jinsi ulivyo mdogo. Mwanamke aliyekuwa akipita na beseni la ndizi kichwani hakugeuza hata shingo.

Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa amemkalia Chabani mgongoni, wa pili ameunyoosha mkono wake wa kuume juu ya fuawe na kuubana kwa magoti. Wa tatu, mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, ndiye aliyeshika nyundo, na nyundo yenyewe ilikuwa ya Chabani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa kibanda chake cha kazi na mfuko wa maandazi. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, soko la Jabe limejaa watu hatua thelathini tu kutoka pale. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu ujasiri wa watu wengine, kwa hiyo naomba hili lisomwe vizuri: sikupiga kelele.

Mwenye shati jeupe aligonga tena fuawe mara mbili. Kisha akainua macho, akaniona, akaniuliza kwa upole, kwa sauti ambayo Chabani, uso wake ukiwa mavumbini, hakuweza kuisikia.

“Mara mbili kwanza, si ndio, dada?”

Akapiga. Alipiga mpaka vidole vikakosa umbo, na Chabani, aliyekuwa akilitaja jina la Mungu, akaacha kutaja chochote. Walipomaliza waliirudisha nyundo mahali pake, kwenye msumari, wakaondoka wakipita katikati ya wauza nyanya bila haraka. Mimi nilibaki na maneno yale, kwa sababu yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyasema siku tatu tu nyuma, nikapigiwa makofi.

Siku tatu nyuma nilikuwa mtaa wa Rohero, katika ukumbi wa hoteli wenye viyoyozi na maji ya chupa, pamoja na waandishi wengine kumi na wanane wasio na mwajiri. Sisi ni watu wa kuandika mambo ya kweli na kuyatembeza mlango kwa mlango, na wengi wetu tulikuwa tumezeeka katika kutembeza. Mwalimu wetu aliitwa Bahizire, mtu wa Bukavu, mhariri wa jarida moja la mtandaoni. Alikuja kutufundisha namna ya kujulikana. Alitwambia tuchapishe kadi, tusiondoke ukumbini bila kupata namba za watu watano, na kwamba mwandishi ambaye mhariri hamjui ni sawa na aliyekwisha zikwa. Tulicheka, kwa kuwa kila mmoja alijiona kaburini.

Siku ya mwisho kila mmoja alipewa dakika moja kusimama mbele ya wahariri watatu na kuinadi habari yake. Usiseme mambo makubwa, Bahizire alituonya. Haki, amani, maendeleo, hayo kila mtu anayo. Leta kitu kimoja kidogo ambacho macho yako peke yako yamekiona, hicho ndicho kitakachouza.

Mimi nilikuwa nacho.

Chabani alikuwa fundi bati, rafiki wa marehemu baba yangu Uthmani, na tangu nijue kusema nilimwita baba mdogo. Kwa mapipa makuukuu alitengeneza majiko ya mkaa, yale tunayoyaita mbabula. Na alikuwa na tabia moja: kabla ya kupiga bati, hugonga kwanza fuawe mara mbili, taratibu, midomo ikicheza kwa bismillahi. Sikuwahi kuona fundi mwingine akifanya hivyo. Tulipokuwa watoto tulimwigiza kwa vijiko kwenye sufuria mpaka mama atufukuze.

Miezi miwili kabla ya semina aliniita kibandani kwake, akafunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akanieleza. Alikuwa amekwenda kuchukua mapipa matupu uani kwa tajiri mmoja wa mafuta ya magendo, katika siku zile ambapo magari yalilala foleni wiki nzima yakingoja petroli. Nyuma ya rundo la mapipa akaona vijana wa tajiri wanampiga mwenzao, Maxime, mpakiaji, wakimshitaki kuwa ameiba madumu mawili. Walimpiga kwa nondo, kwa zamu, anayechoka anampisha mwingine. Kilichomtesa Chabani si damu. Kilichomtesa ni kwamba Maxime alikuwa akiwaomba kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa sababu walikuwa wamekula sahani moja adhuhuri ile. Alipoishiwa majina alirudia yale yale, mpaka nondo ikampata utosini. Kesho yake ikasemekana ameanguka kutoka juu ya lori.

“Mi nakwambia we kwa sababu ya baba yako,” Chabani alisema. “Andika, watu wajue. Lakini jina yangu isitoke.”

“Haitatoka, baba mudogo.”

Mbali na mimi alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, jirani yake wa kibanda, Radjabu, waliyefuturu pamoja kila Ramadhani kwa miaka ishirini na sita.

Na jina kweli halikutoka. Nilisimama pale Rohero katika gauni la kushonesha, nikasema kwamba katika jiji hili kuna fundi nitakayemwita Salumu, ambaye kabla ya kupiga bati hugonga fuawe mara mbili, kama anayebisha hodi kwa chuma. Nikasema kuwa siku moja aliona kijana akiuawa uani kwa tajiri wa mafuta, na tangu siku ile anabisha hodi mara mbili, anangoja, kisha nyundo inabaki hewani, kwa sababu anasikia mtu akiwaomba wauaji wake kwa majina. Hapo dakika yangu ikaisha. Ukumbi ukavuma. Bahizire alikuja kunishika mikono yote miwili. Mhariri mmoja aliniomba kadi kabla sijafika kitini.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi tembo sijawahi kuonja, lakini maji yake nimeyajua. Chanelle, mwenzangu wa meza moja, alikuwa amenirekodi kwa simu, akanitumia. Nami, kwa kuwa tulikuwa tumefundishwa kujulikana, nikaiweka ile dakika kwenye status yangu ya WhatsApp, ambapo kila mwenye namba yangu angeiona, na kila aliyeniomba nilimtumia. Usiku ule kabla ya kulala nilihesabu walioitazama. Walikuwa mia na arobaini na moja. Nani alimpelekea nani sijui mpaka leo, na nimeacha kutafuta. Jina nilikuwa nimelificha vizuri kabisa, na mtu mwenyewe nikamweka mezani.

Jumatatu nilikwenda na maandazi kumwambia baba mdogo kwamba habari yake imepata mnunuzi.

Hospitalini walimkata vidole vitatu, na viwili vilivyobaki vilikaa kwa mapambo tu. Muuguzi alimvua shati, akatoa mfukoni kadi yangu, ile niliyompa kwa maringo kabla ya semina, imelowa damu mpaka jina langu halisomeki. Aliniuliza kama namjua mwenye kadi. Nikasema ndiyo.

Chabani alipopata fahamu, jambo la kwanza aliloniuliza ni walijuaje. Nilikuwa nimeketi karibu naye, simu yangu mkobani. Nikasema sijui. Ni neno dogo, linatoka kwa urahisi, na kila siku niliyolirudia lilizidi kuwa zito kulirudisha. Naye akaanza kuhesabu mwenyewe. Alikuwa amewaambia watu wawili. Mmoja ni mtoto wa Uthmani, ambaye hakuacha kitanda chake tangu apigwe. Wa pili ni jirani, ambaye asubuhi ile ya Jumatatu, kwa bahati mbaya yake, alichelewa kufungua kibanda chake.

“Kikulacho kiko mu nguo yako,” aliniambia, machozi yakimteremka masikioni, na mimi nikamfuta.

Radjabu alikuja na uji katika chupa ya chai, amevaa kanzu safi. Chabani aligeukia ukutani. Radjabu alisimama kidogo, akatuangalia sisi wawili, akaiweka chupa sakafuni, akaenda zake. Uji ule niliunywa mimi, eti usiharibike.

Wiki ile ile Bahizire alinipigia. Alinipa pole kwa dhati, hilo siwezi kumnyima, kisha akasema taratibu kwamba sasa habari yangu imepata mwisho wake, na wahariri wote watatu wanaitaka. Nilimkatia simu kwa hasira. Hasira yenyewe ilikuwa ya kujidanganya, maana wazo hilo lilikuwa limenijia mimi kabla yake, pale pale kwenye benchi la hospitali, damu ya baba mdogo haijakauka kwenye viatu vyangu.

Ijumaa ya wiki ya nne wapwa zake Chabani walimngoja Radjabu atoke msikitini. Walikuwa watano. Walimwangusha mbele ya waumini, wakampiga mateke ya kichwa na ya mbavu wakimwita muuza ndugu, na wazee waliojaribu kuamua walisukumwa mferejini. Mmoja alichukua jiwe la kando ya njia. Walimvunja, sitasema wapi. Nilifika wakati wanampakia kwenye gari, jicho moja limefumba, na lile lililo wazi likaniona. Mpaka leo sijui kama alikuwa amekwisha iona ile dakika yangu. Nadhani alikuwa ameiona, na alikuwa ananingoja niseme.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi mara mbili, mara ya kwanza kwa kusema na ya pili kwa kunyamaza. Jumapili ya tatu baada ya hapo nikaenda Ngagara, nyumbani kwa Raihana, binti yake Chabani, alikokuwa ameletwa kuuguzwa. Nilimkuta ameketi mkekani, mkono uliofungwa bendeji umewekwa juu ya mto. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipofika sikuyatumia. Niliketi mbele yake, nikaifungua ile dakika kwenye simu, nikampa aishike kwa mkono wa kushoto.

Aliitazama yote. Sauti yangu ilijaa chumba kile, sauti nzuri, yenye kujua wapi ishuke na wapi ingoje. Niliichukia kama sijawahi kuchukia kitu.

“Weka tena,” akasema.

Nikaweka tena. Ilipoisha aliilaza simu juu ya mkeka, taratibu.

“Umesema muzuri,” akasema. “Ni mi kabisa.”

Nikafungua kinywa kuomba msamaha, na hapo akanipiga. Alinipiga mdomoni kwa mkono ule ule uliofungwa, kwa nguvu zote za fundi aliyepiga bati miaka arobaini, na aliyepiga ukelele ni yeye. Bendeji ikaanza kuwa nyekundu. Raihana alikuja mbio kutoka jikoni, akatukuta mimi nina damu ya midomo, yeye ya mkono, tunatazamana. Chabani alimzuia kwa kichwa. Alihema mpaka pumzi ikatulia, ndipo akaniambia kwa sauti ya kawaida, ile ya kunituma kuni nilipokuwa na miaka saba.

“Enda uniitie Radjabu. Umwambie we mwenyewe. Usiandike, umwambie na mudomo.”

Wale wahariri sikuwapa kitu. Baadaye yule tajiri alitoroka nchi kwa sababu zake nyingine, na vijana wake wakatawanyika. Chabani alijifunza kushika nyundo kwa mkono wa kushoto, akapiga mbabula mbaya mbaya ambazo watu walinunua kwa heshima, na aliendelea kubisha hodi mara mbili. Alifariki mwaka jana kitandani mwake, kwa ugonjwa wa sukari. Raihana ndiye aliyenipa ruhusa ya kuandika jina la baba yake na mlio wa fuawe yake. Siku hizi huitwa mimi kwenye semina kama ile, kufundisha wenye matumaini. Namba za watu watano, kadi, dakika moja, yote nawafundisha. Wakifika kwenye kile kitu kimoja kidogo, nawaomba wanieleze kwanza ni nani mwingine anakijua.

Lakini Radjabu yuko hai, na Radjabu si jina lake. Jumapili ile nilitoka Ngagara kwa miguu mpaka Jabe, midomo imevimba, nikamkuta kazini kwake. Alikuwa ameanza kazi mapema kuliko daktari alivyomruhusu. Alikuwa akiifanya kwa namna ambayo katika jiji hili lote ni yeye peke yake anayeifanya, kitu kidogo sana cha mikono, na jua la alasiri limekiangukia. Nilisimama mlangoni nikamtazama kabla hajanisikia, na kabla sijamwambia yote kwa mdomo. Katika miaka yangu yote ya kuandika sijaona kitu kizuri kuliko kile.

Sitakiandika.