Nguzo ya Goli la Watoto

Damu ilikuwa imeingia kwenye vitundu vya saruji, na kila Praxeda alipomwaga maji ilikuwa kama inatoka upya. Alikuwa amepiga magoti mahali lilipokuwa goli la watoto, ana ndoo, sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Kengele ya misa ya kwanza ilikwisha kulia. Hakwenda. Mwenyekiti wa klabu alimpigia simu alfajiri akasema, "Kabla watu hawajaanza kupita, pale pawe safi," akakata.

Nguzo yenyewe haikuwepo. Iliondolewa jana ile ile, kabla gari lililompeleka mtoto Samiha hospitalini halijarudi. Kilichobaki ni kisiki cha chuma kwenye sakafu ya uwanja, kingo zake zimemeguka kama biskuti iliyolowa chai. Nje kilikuwa na rangi ya bluu, mpya, inang'aa. Ndani kutu tupu. Praxeda alikigusa, kipande kikamkatikia mkononi. Akakitumbukiza upesi kwenye ndoo na kutazama nyuma, kana kwamba ameiba.

Hapakuwa na mtu. Binti yake, Imakulata, alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba chao nyuma ya stoo ya mipira, anakula andazi.

"Mama, Samiha atakuja leo?"

"Kula."

"Atakuja kesho?"

"Imakulata, kula."

Klabu ya Matumbawe ilikuwa na uwanja mmoja wa mpira wa kikapu, karibu na bahari. Goli la upande wa barabarani lilikuwa jipya, nguzo yake imevishwa godoro ili mchezaji asiumie. Hilo la wakubwa, timu ya ligi. Goli la upande wa baharini, linalopigwa na upepo wa chumvi mwaka hadi mwaka, waliachiwa watoto. Praxeda alikuwa kocha msaidizi wa watoto, wa kujitolea. Malipo yake yalikuwa kile chumba, na ahadi ya mwenyekiti kwamba siku moja atampeleka kozi ya makocha Dar es Salaam.

Mwezi uliopita aliigonga ile nguzo kwa jiwe, chini, karibu na sakafu. Samiha, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye maswali mengi kuliko wenzake wote, alikuwa amechuchumaa pembeni yake. Kocha mkuu, Idarusi, alipita akacheka.

"Praxeda, unabisha hodi? Nani yumo ndani?"

"Kocha, nguzo hii imeoza. Sikiliza."

Idarusi alisikiliza, akaacha kucheka. Wakaenda pamoja kwa mwenyekiti, Bwana Mudathir, ofisini kwake. Bwana Mudathir aliwakaribisha soda. Alisema chuma kile kimesimama pale tangu Praxeda hajazaliwa, na kwamba wageni wanaotaka kuusaidia mpango wa watoto watakuja na kamera zao, kwa hiyo uwanja upendeze. Wiki ile lilikuja kopo la rangi ya bluu.

Rangi ilipokauka Samiha aliuliza, "Mwalimu, ndiyo imeshatengenezwa?"

Idarusi alikuwa amesimama karibu. Praxeda akajibu, "Imeshapakwa rangi, Samiha."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Jana Jumamosi wageni walikuja. Watoto walikuwa wanapiga mpira golini kwa zamu, na mpira ukanasa kati ya ubao na ringi, kama unavyonasa kila siku. Kila mtoto wa Matumbawe anajua la kufanya mpira ukinasa: unaikumbatia nguzo kwa mikono miwili na kuitikisa mpaka mpira udondoke. Praxeda alikuwa amegeuka kuwaonyesha wageni jezi. Alisikia watoto wakishangilia, "Tikisa! Tikisa!" Halafu akasikia kitu kama ukuni mkavu ukivunjwa gotini, na alipogeuka nguzo ilikuwa imemlalia Samiha mguuni.

Gari la mwenyekiti lilisimama getini kabla saruji haijakauka. Bwana Mudathir alishuka, kanzu yake nyeupe, Idarusi nyuma yake.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umelala?"

"Kidogo."

"Mimi sikulala kabisa." Alikitazama kisiki. "Hiki kitachimbuliwa leo. Haya, mwalimu, hebu nieleze. Ilikuwaje?"

"Mpira ulinasa. Samiha akaenda kuitikisa nguzo, ika..."

"Ngoja. Hapo hapo. Mtoto aliitikisa nguzo."

"Ndiyo, lakini nguzo ilikuwa..."

"Sijakuuliza nguzo." Sauti yake haikupanda. "Nani alikuwa na watoto?"

"Mimi."

"Na ulijua nguzo ni mbovu?"

"Tulikwambia, Mwenyekiti. Mimi na kocha Idarusi tulikuja ofisini."

"Idarusi, mlikuja kwangu?"

Idarusi alikuwa anatazama bahari. "Sikumbuki vizuri, Mwenyekiti."

Praxeda alimtazama. Idarusi hakugeuka. Sikio lake lilikuwa linatoka jasho, na asubuhi ile kulikuwa na upepo.

"Basi," alisema Bwana Mudathir taratibu, kama anayemfundisha mtoto hesabu, "tuna mwalimu mmoja. Mwalimu huyo anasema alijua nguzo ni mbovu, na akawaweka watoto wa wenzake chini yake. Polisi wakiyasikia maneno hayo watamkamata nani? Mimi niliyekuwa kwenye kiti na wageni?"

Brashi ilikuwa inadondosha maji kwenye kandambili za Praxeda. Hakuweza kuiweka chini.

"Na huyu binti yako utamwacha na nani? Kule Pongwe bado una ndugu?"

"Hapana, Mwenyekiti." Wazazi wake walikuja kukata mkonge, wakazikwa huko huko.

"Unaona. Mimi sikutishi, mwanangu. Mimi nakulinda." Akamgusa bega. "Baada ya sala ya alasiri tunakwenda kwa mama wa mtoto, Msambweni. Ustadh Ibrahimu atakuwepo. Tunayamaliza kindugu, kiungwana. Wewe utasema mtoto aliitikisa nguzo, ikaanguka, ni mipango ya Mungu. Kuna uongo hapo?"

Praxeda alikitazama kisiki.

"Nakuuliza. Kuna neno moja la uongo hapo?"

"Hapana, Mwenyekiti."

"Vaa vizuri. Nguo ndefu."

Mchana alijifungia chumbani na kuishika rozari. Alianza kumwomba Mungu amfungue mdomo. Katikati ya sala akajikuta anamwomba aufunge. Akasimama kwenye shanga ile ile, asijue Mungu amesikia lipi kati ya hayo mawili. Nje, watu walikuwa wanapiga sululu. Wanachimbua kisiki. Kila pigo lilimfanya ashtuke, na kila aliposhtuka Imakulata alicheka, akidhani ni mchezo.

Nyumba ya Asmahani, mama yake Samiha, ilikuwa ya vyumba viwili nyuma ya msikiti mdogo. Alikuwa mjane, muuza bajia. Alikuwa ametoka hospitalini kuoga na kupika uji, dada yake amebaki na mgonjwa. Macho yake yalikuwa mekundu lakini alikuwa amevaa kanga safi, na mkeka aliutandika mwenyewe.

"Hodi hapa."

"Karibuni. Piteni, piteni ndani. Mwalimu, pita, mbona unasimama jua lote hilo? Kaa hapa karibu yangu."

Wanaume walikaa upande mmoja. Ustadh Ibrahimu, mzee mwembamba mwenye sauti ya upole, aliuliza hali ya mtoto.

"Daktari anasema mguu hauna uhai tena," alisema Asmahani. "Kesho wanaukata. Hapa." Akaweka kiganja chake chini kidogo ya goti lake mwenyewe, akakiacha hapo.

"La haula," alisema ustadh.

Bwana Mudathir alizungumza vizuri. Alisema klabu imeumia, watoto wote ni wake, na Samiha ni binti yake. Alisema wote ni Waislamu, wote ni watu wa mji mmoja, na hapakuwa na sababu ya mambo kutembezwa ofisini kwa watu baki. Ametuma mchele na mafuta, viko nje kwenye gari. "Lililotokea ni qadari," alisema. "Nani awezaye kuizuia?"

Praxeda alijua kinachofuata. Alikuwa amekaa Tanga miaka yake yote. Mama atasema ameridhia, ustadh atasoma dua, watu wataitikia Amin, na jambo litakuwa limefungwa. Baada ya hapo hakuna polisi, hakuna wa kuulizwa nguzo iliangukaje wala nani wa kuugharamia mguu. Mama akilifungua tena, hata ndugu zake watamsema kwamba ameivunja dua.

Ustadh aliinua mkono. "Kabla hatujasoma, kuna mwenye neno? Jambo kama hili haliwekewi kitu moyoni."

Jirani alikuwa anatwanga. Praxeda alikuwa ameshayapanga maneno kichwani. Nguzo ilikuwa imeoza. Tulisema. Akafungua mdomo. Bwana Mudathir hakumtazama. Alikuwa anaigeuza tasbihi kidoleni, taratibu.

"Mwalimu," alisema Asmahani ghafla, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto. "Wewe ulikuwepo. Wengine wote wananiambia tu. Wewe mtoto wangu anakupenda, akirudi nyumbani ni mwalimu hivi, mwalimu vile, mpaka namwambia basi hamia huko. Niambie wewe. Nikilisikia kwako nitatulia."

"Mama Samiha..."

"Sema, mwaya. Mimi nimeshalia yote."

"Mpira ulinasa," alisema Praxeda. "Samiha akaenda kuitikisa nguzo. Ikaanguka." "Ni mipango ya Mungu, mama."

Asmahani aliinamisha kichwa. Praxeda akatamani asiinue tena uso wake, asimtazame.

"Basi nimeridhia," alisema Asmahani. "Sina kinyongo na mtu. Mwenyekiti, nimeridhia."

Ustadh alisoma dua. Wote waliinua viganja, na Praxeda naye, kwa sababu hakujua mikono aipeleke wapi. Walipoitikia Amin, yeye alisema Amina, akachelewa, sauti yake ikabaki peke yake chumbani.

Nje Bwana Mudathir alimwambia kwa sauti ndogo, "Umefanya vizuri. Ile kozi yako nimeikumbuka." Idarusi alikuwa amekwisha kuingia kwenye gari na kufunga kioo.

Praxeda alikuwa anawafuata ndipo Asmahani alipomwita kutoka mlangoni. Alikuwa amebeba chupa ya uji na kanga ya kubadilisha.

"Mwalimu, twende wote hospitali. Saa ya kuona wagonjwa inakaribia."

"Mama, mwanangu yuko peke yake..."

"Hatukai. Dakika mbili tu. Kuna jambo linanikera, nakuomba unisaidie."

Walitembea. Asmahani alikuwa anazungumza haraka haraka, kama mtu aliyekuwa amebanwa na sasa ameachiwa.

"Unajua tangu jana anasema nini? Ati mwalimu alijua. Ati uliigonga nguzo kwa jiwe ukasema imeoza, halafu ikapakwa rangi. Nikasema ni homa hiyo. Asubuhi kairudia, mbele ya nesi. Mbele ya watu! Nilimfokea, mwalimu, Mungu anisamehe, mtoto yuko kitandani nikamfokea. Nikamwambia, wewe umeitikisa nguzo kwa utundu wako, sasa unataka kumpeleka mwalimu wako jela? Mtu anayekufundisha bure?" Alisimama, akamtazama Praxeda. "Hujakasirika?"

"Hapana," alisema Praxeda.

"Nilijua. Una moyo mzuri wewe."

Wodi ya watoto ilikuwa imejaa. Shuka la Samiha lilikuwa limeinuliwa juu ya miguu yake, kama hema dogo, na uso wake ulikuwa mdogo kuliko uso wa jana. Mpira wa dripu ulikuwa umebandikwa mkononi. Alipomwona Praxeda alijaribu kujiinua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Samiha."

"Haya," alisema Asmahani, akiweka chupa ya uji juu ya kabati. "Sema tulilozungumza."

Samiha alimtazama mama yake, kisha akamtazama mwalimu. Alimtazama sana. Alikuwa anasubiri kitu. Praxeda alilijua jambo analolisubiri, na alijua lilikuwa dogo, maneno mawili matatu tu, na mama wa kuyasikia alikuwa amesimama pale pale. Kwenye kitanda cha jirani mtoto alikuwa analia. Nesi alipita na sinia. Samiha akaacha kusubiri. Praxeda aliona tumaini lilivyomtoka machoni, na mahali pake pakaingia hofu.

"Mwalimu, naomba radhi," alisema mtoto. "Nilisema uongo. Hukusema nguzo imeoza."

"Na nini tena?" alisema Asmahani.

"Na sitasema tena."

Akanyoosha mkono, ule wenye dripu, taratibu, ili sindano isichomoke. Mkono ukabaki hewani juu ya shuka.

"Mpokee mkono, mwalimu," alisema Asmahani, anatabasamu kwa uchovu. "Mwambie umemsamehe, kesho aingie upasuaji moyo wake mweupe."