Kutu ya Damu ya Ratiba

Ratiba alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha kutolewa damu, mkono wa gauni kaupandisha, ndipo Suhair wa maabara alipomuuliza, "Hujatia kitu mdomoni tangu jana, sivyo, mama?"

Lahaula! Asubuhi ile wanawake wa kichochoro chao walimngoja mlangoni na jagi la sharubati nyekundu. Kilo hamsini na mbili zimemtoka tangu apunguzwe tumbo kwa upasuaji, na leo ndiyo anapimwa damu mara ya mwisho, watu wasifurahi? Na sharubati ya furaha nani aikatae hapa Aleksandria, autake mkosi? Alipiga mafunda mawili tu. Tumbo lenyewe sasa halichukui zaidi.

Angeweza kunyamaza. Lakini sharubati ingeiharibu namba ya kipimo, nayo ameihangaikia mwaka mzima. Kabla ya upasuaji, Suhair alimweleza jinsi mafuta yaliyozidi yanavyozalisha sumu inayotafuna mwili kama kutu inavyokula chuma, na kutu yake ilikuwa nyingi. Mama yake, mnene vilevile, alikufa na miaka arobaini na tisa. Ratiba anaitimiza mwezi ujao. Namba ya uongo ya nini?

"Nimekunywa sharubati," alisema.

"Ah, mama! Mwaka mzima umevumilia, saa moja ikushinde?"

"Walinipigia vigelegele, binti yangu. Ningeitema mbele yao?"

Suhair alicheka bila kupenda. "Kesho saa mbili. Ukinywa tena nakufukuza!"

Habari zilifika kichochoroni kabla yake. Kesho yake sasa, weh, ungecheka! Majirani wamejipanga milangoni, mikono nyuma, hakuna hata wa kumwambia karibu. Bi Inshirah, aliyemimina jana, alijifungia ndani kwa aibu. Ratiba alipita kifua mbele, njaa inamuuma, huku anacheka peke yake.

Damu ikatolewa. Saa saba mchana Suhair alitoka na karatasi, kakaza uso.

"Sema, mwanangu, utaniua!"

"Kutu imeshuka zaidi ya nusu."

"Kwa hiyo nitampita mama?"

"Miaka siwezi kukuahidi. Lakini damu hii si ile ya mwaka jana, wallahi."

Ratiba aliomba aonyeshwe namba yenyewe iko wapi, akaibusu. Halafu akaangua kilio cha furaha, ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

"Mama!" aliita. "Mama, mie nitazeeka!"