Lubaba Hakanyagi Chini

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na Lubaba binti Aliasgar alikuwa jikoni akiangalia maziwa yasifurike, ghorofani juu ya duka la vitambaa la baba yake kule Bondeni. Mama yake, Bi Akila, alikuwa akichagua mchele na kumweleza kwamba mambo ya uzamivu yangoje kwanza kakake Owais aoe, halafu yatazamwe. Subiri kidogo, mwanangu, alisema, subira huvuta heri. Hapo nyayo za Lubaba zikaachana na sakafu. Alipanda kadiri ya upana wa kiganja, akatulia hewani na kijiko chake mkononi, na maziwa yakafurika. Bi Akila aliyasikitikia maziwa.

Lubaba alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya fizikia, na mtu wa fizikia hapigi kelele kabla ya kupima. Alikiachia kijiko, kikaanguka kama vijiko vingine vyote. Basi mvutano wa dunia ulikuwa mzima, ila ulikuwa umemsusa yeye. Mama yake aliona nafuu, maana asiyekanyaga hachafui, na sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki. Alimtaka tu avae soksi, asije akaonyesha nyayo kwa wapita njia.

Njiani hakushangaa mtu. Mombasa imeona mengi, na watu wana shughuli zao. Muuza mahamri alimwomba, maadamu yuko huko juu, amfungie kamba ya turubai, naye akamfungia. Mzamil, fundi saa, alimwuliza wasoma nini vile, kama alivyomwuliza juzi na jana. Aliposikia ni fizikia alisema vizuri sana, kwa hivyo utafundisha chekechea. Lubaba akamjibu kwamba la, yuwataka kufanya uzamivu, autafiti mvutano wa dunia. Mzamil alimcheka kwa upole, akamnasihi asubiri kwanza Mungu amjaalie mume mwelewa. Lubaba akapanda tena, akawa sawa na kibao cha duka. Hapo ndipo alipoanza kushuku sababu.

Chuo chenyewe sikitaji jina, kina mawakili wengi kuliko darubini. Maabara yake ya fizikia ilikuwa na timazi moja, springi chache zilizochoka, na bango la kuwakaribisha wageni waliokwisha kwenda zao zamani. Mkuu wa idara, Profesa Mutunga, alivaa suti nzito katika joto la kisiwani, na kila mwaka aliomba vifaa akaambiwa vyaja. Idara ilikuwa na nafasi moja tu ya ufadhili, ya kusoma uzamili na kuendelea hadi uzamivu, na Lubaba aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa wa kwanza darasani tangu alipoingia. Wa pili alikuwa mbali.

Profesa alimzunguka Lubaba, akapitisha rula chini ya soli zake kuhakikisha hakuna ujanja, akavua miwani akaifuta. Hakumpongeza. Alisema Mungu hamtupi mja wake, na kwamba hatimaye idara imepata kitu cha kutafiti. Kisha akamwita Riyadh, mwanafunzi mwenzake Lubaba, kijana wa Kizingo aliyekuja chuoni na gari lake, akamwambia achukue kalamu.

“Na mimi, Profesa?” aliuliza Lubaba. “Mwili ni wangu, na hesabu nshazianza.”

“Wewe ndiwe unayetafitiwa, binti. Mtu hawezi kuwa kisu na papo hapo akawa nyama. Subiri, zamu yako itafika.”

Lubaba akapanda mpaka kwenye feni. Riyadh akaandika.

Usije ukamchukia Riyadh, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu, alimletea Lubaba maji ya kunywa na kumwinulia chupa kwa ufagio, na kila jioni aliuliza kama shingo haimuumi. Hesabu ndizo zilizomkataa. Basi Lubaba akawa anazipiga hukohuko juu na kumsomea, naye akizinakili kwa mwandiko wa kupendeza. Kanuni ilikuja kuonekana wazi. Kila Lubaba alipoambiwa asubiri, alipanda, na alipanda zaidi kadiri msemaji alivyokuwa na cheo. Asipoambiwa alishuka polepole, ila hakufika chini. Subiri ya Mzamil ilikuwa dhaifu, ya mkuu wa idara ilikuwa na nguvu. Lubaba alifurahi siku hiyo mpaka akalia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo kabla yake. Profesa naye alifurahi, akaita ugunduzi huo Kanuni ya Riyadh.

Sasa, jengo lile lina desturi yake. Chochote kinacholala maabara sharti kipigwe namba kwa rangi nyeupe, kwani kisicho na namba hupotea, na anayeulizwa ni Awino, mtunza vifaa. Lubaba hakulala maabara, lakini vitabu vyake na khanga yake vililala, na Profesa alikwisha agiza kila kitu kinachohusu utafiti kiandikwe. Awino alikuja na kopo na brashi. Alimwomba radhi kwanza, kisha akamwandika namba kwenye soli ya kiatu cha kushoto, baada ya timazi na kabla ya springi. Kosa la Lubaba lilikuwa kucheka. Aliona ni mzaha wa watu wa stoo, hata akamnyooshea mguu aandike vizuri.

Siku ya usaili wa ile nafasi walikaa mezani Profesa Mutunga na wakubwa wawili wa chuo. Lubaba aliingia, akainamisha kichwa kupita mlangoni, akaanza kueleza kanuni yake na mahali atakapoifikisha akipewa miaka ya kusoma. Alieleza vyema. Mkubwa mmoja, aliyekuwa akimtazama kutoka chini, akaiona namba, akamnong'oneza mwenzake. Wakapekua kanuni za chuo. Zilisema mwombaji awe raia au mgeni mwenye kibali, lakini kuhusu kifaa hazikusema neno, na palipo kimya, chuo kile hukataa.

Riyadh, aliyekuwa akingoja zamu yake, alisimama mwenyewe. Haya tumpe haki yake.

“Hesabu zote ni zake,” alisema. “Mimi nimeandika tu.”

Wakubwa waliguswa sana. Mmoja wao alisema kwamba miaka yote hajapata kuona unyenyekevu kama ule, na kwamba mtafiti wa kweli ni yule anayekishukuru kifaa chake. Nafasi wakampa Riyadh papo hapo. Lubaba aliwaambia wazi kwamba wanamwibia, tena mchana. Profesa alimsihi asubiri, watalitazama. Kichwa cha Lubaba kikagonga dari, na Riyadh, kwa mazoea, akaandika.

Tangu hapo taratibu zilifuatwa. Kifaa hakitoki maabara bila kuazimwa, na hakiazimwi na kila mtu. Ijumaa jioni Mzee Aliasgar alifunga duka mapema, akavaa kofia yake nzuri, akaenda kumwazima binti yake hadi Jumatatu. Alikuwa ameona haya kwenda, lakini Bi Akila alimwambia haya haimrudishi mtoto nyumbani. Awino alimpa kiti na kumweleza masharti kwa heshima: asimwache juani, asimwazimishe mtu mwingine, na wakitaka kumwoza, idara iarifiwe kabla.

Mzee Aliasgar aliyasikiliza yote, akiitikia kwa kichwa kama afanyavyo mbele ya wateja wakubwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, vifaa huwekwa muda gani hapa.

“Hapa hakitupwi kitu, mzee wangu,” alisema Awino. “Timazi hiyo waliiacha Wangereza.”

Uso wa mzee ukakunjuka. Watoto wa wenzake walikuwa na shahada na bado wanazunguka na bahasha mjini, na wake, alhamdulillahi, ameajiriwa kwa kudumu. Alisema atawaambia watu msikitini.

“Baba, mimi sikuomba kazi,” alisema Lubaba kutoka darini. “Niliomba kusoma.”

Awino aliinua macho, akasikiliza mpaka alipomaliza. Kisha akamgeukia mzee, akamwomba asikichukue leo, kwani kifaa kimeanza kutoa sauti, na sharti kikaguliwe kwanza.