Majani ya Mara Moja

Mume wangu aliacha kopo la bati lenye majani ya chai ya kutosha mara moja tu. Aliacha na vitu vingine: viatu, redio, dada yake. Lakini siku zile watu wanaingia na kutoka kunipa pole, mimi nilikuwa nalikodolea macho lile kopo pale kwenye rafu, nikihofu mtu asije akayachemsha yale majani bila kujua. Nikaliondoa, nikalificha kwenye droo ya vifungo.

Sikulia. Bora niseme mapema, maana najua watu walikuwa wanasubiri. Nilikuwa kama shavu la mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: unaligusa, unajua ni lako, basi. Wifi yangu alinifuata jikoni akaniuliza, "Hivi wewe mwanamke, roho yako imetengenezwa na nini?" Nikamwambia sijui. Hana ubaya, mdomo wake tu hauna breki.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele, cherehani imeelekea dirishani, na mimi mgongo nimeupa jikoni. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, chai ya jioni ilinifikia kutokea mgongoni. Mume wangu alikuwa mfungashaji kwenye ghala la chai. Akirudi saa kumi na moja ananawa, anabandika maji, na baada ya muda kikombe kinatua kando ya mkono wangu wa kulia. Haikuwa kali, haikuwa nyepesi, na haikuniunguza ulimi hata siku moja. Yeye anavuta kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, anakunywa ya kwake. Ya kwake ilikuwa nyepesi hata unaona kitako cha kikombe. Nilikuwa namtania, namwambia anakunywa maji ya kuoshea vyombo. Anajibu kwamba ndivyo apendavyo.

Sikuwahi kugeuka kuangalia anaitengenezaje. Nani anageuka? Mtu akikuletea chai unasema ahsante, na mimi hata hiyo mara nyingi sikuisema. Nilikuwa na pini mdomoni.

Basi akaondoka asubuhi moja kwenda kazini, akaanguka kule kule ghalani, na hakurudi. Miezi minne nikawa sishoni. Cherehani niliifunika shuka. Suruali nyeusi ya karani mmoja ilibaki inaning'inia msumarini, haijapindwa, na yule karani kwa heshima zake hakuja kuidai. Chakula nilikula kwa sababu wifi alisimama mbele yangu mpaka nimalize. Kilikuwa na ladha ya boksi.

Yeye ndiye aliyeniletea chai ya vifuko. "Unachovya, unatoa, unatupa," akasema. "Hata wewe huwezi kuiharibu." Nikachovya, nikatoa, nikatupa. Ilikuwa na ladha ya karatasi iliyolowa.

Siku hiyo nilifungua droo ya vifungo nikanusa kopo. Harufu ilikuwa imeanza kupungua, maana kifuniko chake kimebonyea na hakikazi. Nikaelewa kwamba nikiendelea kuyatunza yale majani yatabaki makapi matupu. Na nikiyapika ovyo yameharibika, hakuna mengine. Nilitaka kitu kimoja tu: ninywe chai ya mume wangu mara moja, vile alivyoitengeneza yeye, kisha liwalo na liwe.

Kwa hiyo ilinibidi nijifunze kwanza, na nijifunzie ya rahisi.

Nikaenda dukani. "Nipe majani ya chai, siyo ya vifuko. Nipe ya bei ya chini kabisa."

"Kuna haya ya kwenye gunia, mama, napima kwa kijiko," mwenye duka akasema. "Lakini sitaki lawama."

"Nipe. Ni ya kujifunzia."

Akanitazama, mtu mzima nina mvi, halafu akapima. Akaongeza kijiko kimoja bure, nadhani kwa huruma.

Birika lake sikutaka kuligusa kabla sijajua nifanyalo. Nikatumia chupa tupu ya jamu. Ya kwanza niliimiminia maji yanayotokota, ikapasuka katikati, majani yakatapakaa mezani. Ya pili niliisuuza kwanza kwa maji ya uvuguvugu, ikanusurika. Kifuniko kikawa kisahani. Chujio sikuwa nalo, na sikuona sababu ya kununua chujio ilhali nina mabaki ya vitambaa ya kujaza godoro. Nikakata kipande cha kitambaa chepesi cheupe, nikakipiga pindo kwa sindano ya mkono, kizuri hata kwa bibi harusi, nikachujia. Chai ikatoka imefifia, ina utelezi. Wifi akaonja.

"Hii umeipika na nguo?"

Nilikuwa nimesahau kukifua. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani. Fundi mzima, najua hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa cherehani, na nimewanywesha watu wanga. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilijua kwamba inachekesha, lakini kicheko hakikuja.

Nikakifua mara tatu, nikaendelea. Siku moja nilijaribu kuchemsha majani sufuriani kama tulivyokuwa tunafanya kwetu, wifi akauliza kama ni dawa ya minyoo. Nikaacha kuchemsha, nikarudia kumiminia maji juu ya majani na kufunika kisahani, nimekaa mbele ya saa ya ukutani kama mtu anayengoja majibu ya vipimo. Dakika mbili, maji ya rangi. Dakika kumi, inakausha ulimi. Nikawa naandika dakika mezani kwa chaki ya kitambaa. Kati ya nne na tano ilikuwa inanyweka. Lakini haikuwa ile. Au ilikuwa ile, ni ulimi wangu ndio haupo? Hilo ndilo lililonitisha. Sikuwa na wa kumuuliza.

Wiki ya tatu ya kujifunza akaja mwenzake wa ghalani, yule waliyekuwa wanamwita Mizani kwa sababu kazi yake ni kupima uzito wa maboksi. Alileta vitu vilivyobaki kwenye kabati la mume wangu kazini: aproni, kufuli, na kikombe cha bati.

"Shemeji, nisamehe, nimechelewa," akasema. "Kila nikitaka kuja, miguu inagoma."

Nikamkaribisha kiti. Nikakichukua kile kikombe. Ndani kilikuwa cheusi tii, chai imegandia tabaka juu ya tabaka.

"Hiki siyo chake," nikasema. "Mume wangu alikuwa anakunywa chai nyepesi. Maji ya kuoshea vyombo."

"Nani?" Mizani akaangua kicheko, halafu akakumbuka yuko wapi, akakikatisha. "Shemeji, yule? Kazini tulikuwa tunamwambia anakunywa wino. Majani ya kuonjea ubora yakishatumika, anayakusanya yote kikombeni mwake. Kijiko kinasimama chenyewe."

Nikachungulia tena ndani ya kikombe. Akatazama mezani, akaziona zile alama za chaki na chupa ya jamu.

"Unatafuta dakika zake?"

"Natafuta."

"Hutazipata kwenye saa. Alikuwa anatutambia sana. Sisi kule chai tunaipima kwa saa, yeye anasema nyumbani hana haja ya saa, ana fundi." Akanyoosha kidole kwenye cherehani iliyofunikwa. "Ukianza mguu wa kwanza wa suruali, anamimina maji. Ukikata uzi, anatoa kikombe chako. Anaongeza maji kwenye majani yale yale, wewe unaingia mguu wa pili. Ukikata uzi, hicho ndicho chake."

"Majani yale yale?"

"Yale yale. Alisema akiweka ya vikombe viwili, kopo halifiki mwisho wa mwezi."

Kila siku mapindo ya suruali niliyaachia jioni, kwa sababu hayataki akili. Kukunja, kubana pini, kushona, kukata uzi. Nilikuwa nadhani najipangia kazi yangu mwenyewe. Kumbe kuna mtu nyuma yangu alikuwa anaisikiliza.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia, ungekubali?"

Nisingekubali. Ningegomba nyumba nzima isikie.

Mizani alipoondoka sikungoja. Nilijua nikingoja nitajipa sababu ya kuahirisha. Nikatoa shuka kwenye cherehani, nikaipangusa, nikaitia mafuta. Nikachukua suruali ya karani. Nikalishusha birika la mume wangu, nikalisuuza kwa maji ya moto, nikamimina majani yote ya kwenye kopo, nikagonga kitako mpaka vumbi la mwisho likatoka. Maji yalipotokota nikamimina, nikafunika, nikaenda mbio kwenye kiti changu, kwa sababu safari hii ilinibidi niwe watu wawili.

Nikakunja. Nikabana pini, moja baada ya moja nazitoa mdomoni. Vidole vilikuwa vizito kwenye pini tatu za kwanza, halafu vikakumbuka. Nikashona mguu wa kwanza, nikakata uzi. Nikainuka, nikamimina kikombe, nikakiweka pale kando ya mkono wa kulia. Sikukigusa. Nikaongeza maji kwenye majani yale yale, nikarudi, nikashona mguu wa pili. Nikakata uzi.

Kikombe cha pili nilikibeba hadi kwenye kigoda chake, karibu na mlango wa jikoni. Sikuwahi kukalia kigoda kile. Ukikaa pale unaiona cherehani, unaliona dirisha, na katikati unakiona kiti changu. Ndicho alichokuwa anakitazama, mgongo wangu, miaka ishirini na tisa, mkononi ana kikombe kama hiki.

Nikanywa. Ilikuwa mbaya. Ilikuwa maji ya moto yaliyopita karibu na chai. Na mwanamume aliyependa wino alikuwa anayanywa haya kila jioni na kuniambia ndivyo apendavyo.

"Mwongo," nikasema. "Mwongo mkubwa wewe."

Hasira ndiyo iliyotangulia. Niliipokea, maana ilikuwa kitu. Halafu nyuma yake likaja lile lenyewe. Aliyewahi kung'olewa jino anajua: ganzi ikiisha ndipo unapojua umefanywa nini. Nililia nimeshika kikombe kwa mikono miwili, na nikaendelea kunywa, kwa sababu sikuwa tayari kumwaga hata tone.

Wifi akaingia bila hodi kama kawaida yake, vifuko vya chai mkononi. Akaniona. Akaviweka vile vifuko mezani. Alisimama, akatazama huku na kule, akaona kikombe pale kwenye cherehani.

"Hii ya nani?" akauliza taratibu, akinyoosha mkono.

"Yangu. Usiiguse."

Nikainuka kwenye kigoda, nikaenda kukaa kwenye kiti changu, mgongo nikaupa jikoni. Suruali ya karani ilikuwa tayari, mapindo yote mawili sawasawa. Nikachukua kikombe. Muda ule wa mguu wa pili ulikuwa umekipooza. Haikuwa kali, haikuwa nyepesi, na haikuniunguza.

Nikaimaliza yote. Kisha nikasema ahsante, kwa sauti, sina hata pini moja mdomoni.